Weupe wa Viganja

Mwaka uliofuata yale mafuriko makubwa, Mwanapili alianza kuchoka, na nyumbani kwake hakuna aliyemwamini.

Watu wa Kikoneni walikuwa wakimjua kwa sauti yake na kwa jembe lake. Akiinua wimbo bondeni, wanawake waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya pili walimwitikia hata kama hawakumwona. Na akiingia kwenye mpunga, leso imefungwa barabara kiunoni, matope yakimfika magotini, upande wake ulikwisha kabla wenziwe hawajafika kati. Boga alipomwoa, mama yake Boga, Bi Mbodze, alipita kwa majirani wote akijisifu, "Mwanangu ameniletea mtu, si pambo."

Sasa mtu huyo alikuwa akitwanga kidogo, kisha anasimama. Anaushika mchi kwa mikono miwili, anauegemeza kwenye paji la uso, anafumba macho.

"Mwanapili," Mbodze alimwita siku moja kutoka jikoni, "huo mchi unausikiliza?"

"Napumua kidogo, mama."

"Ulipumua sasa hivi."

Mwanapili akautwaa mchi tena. Masikio yalikuwa yakimvuma kama mtu aliyezama majini, na moyo ulikuwa ukimpiga mpaka shingoni. Alitwanga hadi macho yakaingia giza, akaketi chini pale pale, pumba zikamwagika mapajani. Mbodze alitoka, akamtazama, akaokota mchi na kumalizia mwenyewe bila kusema neno. Kunyamaza huko kulimuuma Mwanapili kuliko maneno.

Mafuriko yalikuwa yamechukua kunde, mbaazi na kuku. Mbuzi waliobaki walikuwa wa kuhesabika. Serikali ilileta mahindi ya njano ya msaada, na watu wakala sima ya njano asubuhi, sima ya njano jioni, muhogo katikati, na chai ya rangi ya kushushia. Samaki walikuwa pwani, na pwani ni mbali kwa mtu asiye na cha kupeleka. Shibe ilipatikana. Lakini watoto wa Mwanapili, Mishi na mdogo wake Tembo, matumbo yao yalitangulia mbele na nywele zao ziligeuka rangi kama za mahindi yenyewe.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu. Mvua ikinyesha, harufu ya udongo wake mwekundu ilimwita Mwanapili kama harufu ya mkate inavyomwita mtu mwenye njaa. Alikuwa anauvunja kipande, anaufuta kwa kidole, anaula. Mwanzoni alikula kwa siri. Kisha Mishi akamfuma.

"Mama, unakula nini?"

"Dawa."

"Nionjeshe."

Mwanapili akampiga mkono, na papo hapo akajuta, kwa kuwa mtoto hakuwa amekosa lolote.

Boga alikuwa mtu wa kimya, mkwezi wa minazi ya watu, na alimpenda mkewe kwa namna ya watu wa kimya: alimtekea maji kabla hajaombwa. Lakini hata yeye alianza kuuliza. "Mama Mishi, una nini? Umechoka na mimi?" Na mkewe hakuwa na jibu ila lile lile: "Sina nguvu."

Mbodze akaamua ni pepo. Akaitwa mganga kutoka upande wa Mwangulu, akampunga, akasema kuna kitu ndani ya mwanamke huyu kinachomnywa damu, na kinataka mbuzi. Mbuzi akachinjwa. Mwanapili akalishwa maini na supu, na kwa siku chache kweli akapata nafuu, akainua mchi, hata akaimba. Mbodze akawaambia majirani, "Si mmeona?" Kisha nyama ikaisha, na pepo akarudi.

Boga ndipo alipoazima baiskeli, akamkalisha mkewe nyuma, akashuka naye hospitali ya pwani.

Aliyewapokea alikuwa dresa mmoja kijana, msaidizi wa daktari, mzaliwa wa Vanga, jina lake Abdurahman. Koti lake jeupe lilikuwa limekunjwa mikono, na alisema haraka haraka kama mtu anayekimbiza foleni, na foleni kweli ilikuwa imefika hadi uani. Alimvuta Mwanapili kope la chini, akatazama. Akamfungua kiganja, akaweka kiganja chake mwenyewe kando.

"Tazama, bwana," akamwambia Boga. "Kiganja changu kina rangi gani? Na chake?"

Boga alitazama. Kiganja cha mkewe kilikuwa cheupe kama karatasi, hata mistari yake haikuwa na wekundu. Alikuwa amekishika kiganja hicho miaka yote na hakuwahi kukiona.

"Hii ni safura," Abdurahman akasema. "Tumboni mwake, ndani ya utumbo, kuna minyoo midogo kama vijinyuzi. Imeng'ata kuta za utumbo na inanyonya damu, usiku na mchana. Na chakula anachokula hakina cha kurudisha damu inayotoka. Sima na muhogo vinashibisha, havijengi damu. Ale mchicha, kunde, dagaa, samaki, maini akipata. Huo udongo anaoula, maana najua anaula, ni mwili unatafuta madini uliyoyakosa. Unatafuta pasipo."

Mwanapili aliinamisha uso. Boga hakuwa akijua habari za udongo.

"Imeingiaje hiyo minyoo?" Boga akauliza.

"Kwa miguu. Mtu mwenye nayo akienda haja kichakani, mayai yanabaki pale kwenye unyevu, yanaanguliwa, na anayepita peku inamwingia nyayoni. Una choo nyumbani?"

"Hatuna."

"Basi chimba."

Walimpa dawa iliyonuka kama mafuta ya taa, akainywa hapo hapo hajala kitu, kisha haluli ya kumsafisha tumbo. Walipoondoka alipewa chupa ya vidonge vya kuongeza damu, ale kila siku hadi viishe. Mengine Abdurahman hakusema, kwa sababu alikuwa ameshamwita mgonjwa aliyefuata.

Nafuu ilikuja polepole, lakini ilikuja. Mwanapili aliacha udongo bila kujilazimisha. Siku moja aligundua tu kwamba amepita karibu na kichuguu na hakutamani. Masikio yalitulia. Alitwanga na Mbodze zamu kwa zamu, mchi ukipanda na kushuka, na Mbodze akasema, si kwa kumsema mtu, "Kumbe hata hospitali wana ujuzi wao."

Kisha Mwanapili akaona choo chake kimekuwa cheusi kama lami.

Alilificha jambo hilo hadi hofu ikamshinda, akamwambia mama mkwe. Mbodze akashika kifua. "Utumbo unaoza! Hivyo vidonge vinakuozesha!" Na tumbo kweli lilikuwa likimkata kila akivimeza, asubuhi alikuwa akisikia kichefuchefu. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba vidonge vile ndivyo vinavyofanya hivyo na kwamba si kitu. Mwanapili akavimwaga kichakani, akaisuuza chupa, akaitia mafuta ya nazi. Alijiona amepona, na nguvu alizokuwa nazo zilimtosha kuamini hivyo.

Boga hakusahau habari ya choo. Lakini choo hakikuwa jambo la jembe peke yake. Walikaa boma moja na baba yake, Mzee Shutu, na hapo ndipo penye mtihani. Mkwe na mkaza mwana kwa desturi yao hawali sahani moja, hawapishani mlangoni, hawatajani majina. Je, watachangia shimo moja?

Pengine Boga angempata baba yake kwa upole, kidogo kidogo, kwa kuwa Shutu alikuwa mkali lakini hakuwa mtu asiyesikia. Lakini Abdurahman alitangulia. Alitumwa kuzunguka vijijini kuhubiri afya, akafika Kikoneni na baiskeli yake, watu wakakusanywa mbele ya duka, wazee mbele, wanawake nyuma. Akasimama na ile haraka yake.

"Nyinyi hapa mnajisaidia wapi?" akauliza. "Vichakani! Kisha mnakanyaga uchafu wenu wenyewe, mnaula, mnaunywa. Yule dada pale," akamwonyesha Mwanapili kwa kidole, "karibu afe kwa sababu hiyo. Muulizeni mzee wa nyumba yake, kwa nini mpaka leo hakuna choo?"

Watu wakageuza vichwa. Mzee Shutu alikuwa ameketi mbele, kofia yake ya kitani kichwani, na nyuma yake, mbele ya kijiji kizima, mke wa mwanawe ametajwa pamoja na haja kubwa. Aliinuka taratibu, akaokota bakora yake.

"Nimekaa duniani miaka mingi," akasema, "na sijapata kuvuliwa nguo hadharani. Leo nimevuliwa." Akaondoka zake.

Mwanapili alijifunika uso kwa leso na kukimbilia nyumbani. Abdurahman aliendelea kusema, lakini hakuna aliyemsikiliza tena.

Baada ya hapo, neno choo halikutamkika katika boma lile. Boga alingoja miezi, kisha akajaribu.

"Baba, nikichimba mawili? Lenu wewe na mama, na letu sisi, mbali?"

Shutu aliichomeka bakora yake mchangani. "Chimba lako mbali na njia ninayopita," akajibu hatimaye, "na usinionyeshe."

Boga akachimba, nyuma ya miti ya mikanju, ardhi ikiwa mchanga mtupu. Alipofika urefu wa kifua, masika yakaingia. Kuta zikaporomoka, shimo likajaa maji, mbuzi wa jirani akatumbukia humo na kufa, ikawa kesi. Boga akalifukia. "Nitachimba tena kiangazi," akamwambia mkewe, "nitalijengea magogo."

"Usijisumbue," Mwanapili akasema. "Hata likiwapo, nitaliendea vipi na kopo la maji mkononi, baba mkwe amekaa barazani ananitazama naelekea wapi? Nitakufa kwa haya kabla ya hiyo safura."

Alisema akicheka, na Boga naye akacheka.

Mpunga ulipandwa. Mwanapili akaingia bondeni kama kawaida yake, miguu mitupu, kwenye matope yale yale, kando ya vichaka vile vile. Wanawake wote waliingia hivyo. Hakukuwa na namna nyingine ya kupanda mpunga, na bila mpunga hakukuwa na kitu nyumbani zaidi ya muhogo. Baadaye kidogo akajua kwamba ana mimba. Na baada ya hapo miguu ikaanza kuwasha katikati ya vidole, tumbo likaanza kumkata chini ya mbavu, na asubuhi moja ya jua, akipita nyuma ya nyumba, harufu ya kichuguu ikamshika, akasimama.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Hospitali alikwenda, dawa alikunywa, mganga alikuja, mbuzi alichinjwa. Alihisi kwamba watu wametimiza wajibu wao kwake na zamu yao imekwisha, na kuugua tena ni kuwadai jambo ambalo hawana.

Ilikuwa mwaka wa Uhuru. Kila mahali watu walikuwa wakijiandaa, na kina mama wa Kikoneni walikuwa na ngoma yao ya kuchezwa uwanjani kwa chifu siku yenyewe. Hapakuwa na mjadala nani ataiongoza. Walinunua leso za sare, wakafanya mazoezi jioni baada ya jioni, na Mwanapili aliimba akiwa ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Simama, mwenzetu!" walimtania. "Uhuru hauimbwi kwa kukaa."

"Siku yenyewe nitasimama," akawajibu.

Boga alimwona uso umefura asubuhi, macho yamejaa maji. Alimshika kiganja, akakigeuza kwenye mwanga, na safari hii alijua anachokitazama.

"Usiende, mama Mishi. Kesho nikupeleke pwani."

"Nipeleke keshokutwa. Kesho ni yangu."

Siku ya Uhuru jua lilikuwa kali tangu mapema. Uwanja ulijaa hadi minazini, bendera mpya ikapandishwa, wazee wakalia machozi, watoto wakagaiwa biskuti. Ilipofika zamu ya kina mama, Mwanapili alisimama mbele, tumbo la miezi saba chini ya leso ya sare, akainua sauti:

"Ardhi yetu imerudi, tuipokee kwa mikono miwili..."

Wanawake wakaitikia. Waliokuwapo wanasema sauti ile ilikuwa safi kuliko siku zote. Alirudia mstari wa kwanza, akaingia wa pili, na katikati ya neno sauti ikakatika. Wenziwe waliendelea kuitikia, wakidhani anavuta pumzi. Aliketi chini kama mtu anayeketi mkekani, taratibu, kisha akalala ubavu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Lori la mfanyabiashara mmoja wa mbata za nazi ndilo lililomshusha pwani. Boga alimpakata mkewe. Mbodze alipanda. Na kabla lori halijaondoka, Mzee Shutu naye alitupa bakora yake ndani, akashika ubao, akapanda, akaketi mwisho kabisa, uso ameugeuzia barabarani ili asimtazame mkaza mwana alivyolala.

Mtoto alizaliwa jioni ile, kabla ya wakati wake, mtoto wa kike, na hakulia. Mwanapili hakuambiwa. Hakuwa katika hali ya kuambiwa.

Asubuhi daktari akawaita nje. Damu yake, alisema, imebaki kidogo mno, na hicho kidogo ni maji matupu. Moyo umekuwa ukikimbia miaka miwili kuisukuma damu hiyo, na sasa umetanuka. Asipoongezewa damu ya mtu leo, hafiki kesho. Abdurahman alikuwa amesimama kando, ameshika kitasa cha mlango.

"Chukueni yangu," Boga akasema, na mkono alikuwa ameshaunyosha.

Wakamdunga, wakaenda kupima. Abdurahman alirudi, akamtazama Boga, akamvuta kope kama alivyomfanyia mkewe zamani.

"Bwana Boga, wewe unapanda minazi?"

"Napanda. Siku hizi nachoka kidogo."

"Damu yako haifai kutolewa. Wewe mwenyewe unaihitaji. Unayo safura vile vile."

Mbodze akatoa mkono wake. Ikawa vivyo hivyo, na zaidi. Alipoambiwa, alivitazama viganja vyake, akaviweka mapajani vikitazama chini kama mtu aliyeficha kitu.

Ndipo Mzee Shutu akasogea mbele, akaanza kukunja mkono wa kanzu.

"Nitoeni mimi."

"Baba," Boga akanong'ona, "yule ni mkaza mwanao. Damu yako imwingie yeye?"

"Ni mkaza mwanangu," Shutu akajibu. "Akifa huyu, nitamwonea haya nani?"

Abdurahman alimketisha kitini kwa adabu, akamwambia, "Shikamoo, mzee. Nisamehe yale ya Kikoneni." Shutu hakuitikia shikamoo wala kusamehe, aliunyosha mkono tu, mwembamba, mishipa imesimama. Na damu ilipopimwa, Abdurahman alirudi akasimama mbele yao watatu.

"Nyumba nzima," akasema. "Ni nyumba nzima."

Mzee Shutu aliushusha mkono wa kanzu, akaurudisha mahali pake, akakaza kifungo ambacho hakikuwa kimelegea.

Boga akamuuliza Abdurahman kwa nini dawa ya kwanza ilishindwa. Aliposikia kwa Mbodze habari ya vidonge vilivyomwagwa, Abdurahman akafumba macho. "Ule weusi ni wa vidonge vyenyewe," akasema. "Kila mtu humtokea. Nilipaswa kumwambia." Kisha akaondoka haraka.

Aliyeokoa siku ile alikuwa mgeni, mvuvi kutoka Jego jina lake Iddi, aliyemleta mkewe kujifungua. Alisikia kilio cha Mbodze, akaja kuuliza, akajitolea. Damu yake ikakubali. Alilala kitandani akicheka na wauguzi, mtu mpana, viganja vyekundu kama nyama ya jodari, na Boga alisimama akiitazama chupa ikijaa, nyekundu, nzito. Alipotaka kumshukuru, Iddi alimkatiza: "Bwana, mimi nakula samaki kila siku ya Mungu. Itarudi yote kabla ya Ijumaa."

Chupa ile iliingizwa polepole, maana daktari aliogopa moyo usije ukalemewa. Mwanapili akafungua macho. Akauliza mtoto yuko wapi, na Mbodze ndiye aliyemwambia.

Walirudi naye Kikoneni baada ya wiki kadhaa. Minyoo ilikuwa imeuawa, na familia yote ilinyweshwa dawa. Lakini moyo, daktari alisema, ukishatanuka kiasi kile haurudi. Asitwange, asilime, asichote maji, asishike mimba. Ale vizuri. Boga alisikiliza yote hayo akiitikia kwa kichwa, akijiuliza mtu wa namna hiyo anaishi vipi Kikoneni.

Aliishi kwa kuketi. Mkeka ulitandikwa upenuni asubuhi, akaegemezwa mito, na akilala chali pumzi zilimkata. Mbodze, uzee wake wote, alirudi kwenye kinu, akitwanga na kupumzika, akitwanga na kupumzika. Boga alishuka pwani akarudi na samaki wa ng'onda na vifungu vya dagaa. Mwanapili alionja kidogo, tumbo likakataa, akawaita watoto wamalizie. "Usiwape," Boga alimwambia. "Ni dawa yako." Mwanapili akamjibu, "Na wao je?" Boga akawaachia, kwa kuwa alikuwa ameviona viganja vya watoto.

Wanawake wa ngoma walikuja kumjulia hali, wakakaa, wakazungumza habari za mpunga. Hakuna aliyemwomba aimbe. Alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati.

Siku moja Mbodze alikuwa akimkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini, na kila alipobonyeza, kidole kiliacha shimo ambalo halikurudi.

"Mama," Mwanapili akasema.

"Labeka, mwanangu."

"Mimi sikuwa mvivu."

"Najua."

"Hukujua, mama."

Mbodze aliendelea kukanda. Alitia mafuta mengine kiganjani, akayapasha kwa kusugua mikono, akaanza tena kutoka kifundoni. "Sikujua," akasema mwishowe. Mwanapili alimwekea mkono begani, ukakaa pale kidogo, mwepesi, kisha ukateleza.

Masika yalianza mapema mwaka ule. Asubuhi moja mvua ikinyesha, Boga alikuwa akimnywesha Mwanapili uji, naye akasema tumbo limejaa, basi. Akamwomba amgeuze atazame nje. Boga akamgeuza. Walitazama maji yakiteremka kutoka makutini, yakikusanyika uani, yakitafuta njia ya kwenda bondeni. Alipotaka kumrudisha kwenye mto, shingo yake haikumsaidia tena.

Alizikwa kabla ya adhuhuri, mvua ikiwa bado. Mzee Shutu alisimama nyuma ya wanaume wote, na wakati wa kutia udongo alitia kwa mikono yake mitupu, akachelewa kuondoka hata watu wakamngoja njiani.

Arobaini ilipopita, Boga aliwachukua Mishi na Tembo, akashuka nao hospitali. Abdurahman aliwapa dawa, safari hii akaeleza kila kitu taratibu: ule weusi, kichefuchefu, vidonge vya kila siku. Alimpa Boga pole, akamuuliza habari za mzee. Boga akasema mzee hajambo, ila hasemi sana.

"Umechimba?" Abdurahman akauliza kwa sauti ya chini, asisikiwe na wengine.

"Nimechimba. La magogo. Mzee mwenyewe alibeba magogo."

"Na majirani?"

Boga alitazama nje. Alifikiria lile bonde, wanawake waliokuwamo humo wakati huo huo wameinama, vichaka vya kando, maji yanayoteremka kutoka maboma yote ya juu na kutulia kwenye mpunga.

"Majirani hawana," akasema. "Wanasema lile shimo langu ndilo lililoleta kifo. Kwamba nilichimba, likaporomoka, likataka mtu."

Abdurahman aliiweka kalamu mezani.

"Daktari, niambie kweli," Boga akasema. "Hawa watoto wakinywa dawa, minyoo itarudi?"

"Wakikanyaga pale pale, itarudi."

"Hawana pengine pa kukanyaga."

"Basi uwalete tena."

"Na tena?"

"Na tena, bwana Boga."

Walitoka jua likiwa limeinuka. Tembo alikuwa mgongoni, amelala kwa ile dawa. Mishi alitembea kando, na walipoanza kupanda kilima cha kwanza alishika ncha ya shati la baba yake. Hawakuwa wamefika mbali aliposimama.

"Baba, tupumzike."

Boga alitazama juu, mahali njia ilipopotelea kwenye mikanju, akatafuta jiwe lenye kivuli, wakaketi.